Mpunga wa Maji Yaliyochelewa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimetufikia hapa Idsowe. Nyanya yako ni mzima, na mbuzi wake bado wananitafunia mihogo. Umeniuliza kwa nini nimekubali sindano na kupimwa damu tu, wakati rafiki yangu wa Garsen amefanyiwa upasuaji wa saratani hii hii ya tezi dume. Unadhani nimekata tamaa.

Mwaka mmoja wa hamsini na kitu, mto ulichelewa kufurika. Nilikuwa kijana, nikataka tupande ule mpunga mkubwa unaokaa shambani miezi mingi. Mama alitia mkono kwenye tope, akautazama mto, kisha akairudisha mbegu ile darini, juu ya moshi wa jikoni, ilikohifadhiwa.

"Huu unataka maji ya kukaa, mwanangu. Tupande wa upesi."

Nilinuna. Lakini tulivuna, tukala pamoja, na mwaka uliofuata mama hakuwepo. Mpaka leo nikisikia harufu ya wali mpya, macho yanatafuta pale alipokuwa akiketi.

Daktari hakuhesabu miaka yangu tu. Aliuliza moyo wangu ukoje, kama naenda shambani mwenyewe, na ni kitu gani nisingependa kukikosa. Rafiki yangu ni mdogo kwangu sana, na moyo wake una nguvu. Mimi nilimwambia natamani kula wali mpya na wewe.

Usilie huko Eldoret. Tumeshapanda ule wa upesi. Njoo masuke yakianza kuinama.

Babu yako