Sauti ya Mjukuu Wangu Dukani

Dada yangu, kikongwe mwenzangu,

Usishangae kuandikiwa na mwanamuziki maarufu. Kwenye albamu ya kwanza ya mjukuu wetu na bendi yake ya muziki wa metali, ngoma zote nimepiga mimi.

Haya, nimedanganya. Niliwatengenezea spika tu. Lakini ungemsikia binti yule! Magitaa yanakoroma, marimba inaingia, tarumbeta inalia, naye ananguruma akiwataja wakubwa waliouza hospitali. Nikawa naipiga dukani kutwa, kila spika ninayomaliza naijaribu kwa albamu hiyo.

Jumanne mteja mmoja akauliza, "Mzee, nani huyu anayenguruma hivi?" Mdomo wangu unaujua. Nikamtajia jina, nikamwonyesha na mlango wa nyumba anayokaa. Kumbe askari kanzu.

Leo siku ya tisa tangu wamchukue. Kila asubuhi nampelekea nguo safi kituoni, wananirudisha nazo: "Hatuna mtu huyo, babu." Hata mizaha imeniishia.

Dada, kioo cha baba ulikivunja wewe, fimbo nikala mimi, na sikusema hadi leo. Sasa unilipe. Mama yake binti ni jirani yako. Nenda kamwambie kwamba mwanawe amechukuliwa, na kwamba ni mimi niliyemtaja. Mimi siwezi.

Kaka yako,
fundi redio mwenye mdomo