Picha ya Wakesho na Mwiko

Leo ndiyo mmekumbuka njia ya ukurasa wangu huu? Mimi nilidhani mmehama. Nimeweka picha za pojo zikianikwa kule Marungu, nimeweka picha za ubatizo, hakuna hata mmoja wa kusema "nyanya, umeamkaje?" Mnapita kimya kimya kama watu wanaokwepa mchango wa harusi. Haya, keti. Nimekukasirikia, lakini nimefurahi umekuja, kwa sababu leo nina neno na sina wa kumwambia.

Ni Jumapili, nimetoka kanisani. Upepo wa Voi umeamka na ubaya wake, vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na mlima wa Sagalla unaonekana kama mtu amejifunika shuka. Siku nyingine ningetoka nje niupige picha hivyo hivyo. Leo simu nimeilaza kifudifudi mezani.

Sitaki inione.

Kama wewe ni mgeni hapa, ujue mimi sikuingia darasani hata siku moja. Mimi ninasema, Mercy, mke wa mwanangu, anaandika. Nimemkataza kunisafishia maneno. Akimaliza lazima anisomee, na nikisikia amenipamba tunaanza upya.

Kupiga picha nilianza nikiwa mzee tayari. Mwanangu aliniletea simu yenye jicho zuri ili nimwone akipiga kutoka huko aliko, na mimi nikaigeuza nikaanza kuangalia kuku. Halafu watoto wa jirani. Halafu akina mama wa chama chetu wakivuna. Mwadime, yule wa studio ndogo karibu na soko, alinifundisha nisimsimamishe mtu akilipa jua mgongo, na nisikate watu miguu. Hayo mengine nilijifunza kwa kuharibu. Nimeharibu ubatizo mmoja mzima, watoto wote weusi kama makaa na dirisha nyuma yao linang'aa kama mbinguni. Mama zao walinicheka, wakaniita tena mwaka uliofuata.

Sasa naitwa. Ubatizo, mahafali ya chekechea, mahari. Nikifika watu wanasema, "Nyanya wa picha amekuja, nyoosheni nguo."

Na hapo ndipo kosa langu lilipo. Nyoosheni nguo.

Tulipokuwa wasichana huko milimani, mpiga picha alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka na kitambaa chake cha maua cha kutundika nyuma yetu. Ilikuwa siku kubwa. Tunapakwa mafuta usoni mpaka tunateleza, tunasimamishwa wima, mikono chini, mdomo umefungwa, usipumue. Mdogo wangu Wakesho alicheka wakati wa picha. Hakuwa na sababu, yeye alicheka tu. Picha ikatoka na kichwa chake kama moshi, na baba akamchapa, maana tungengoja mwaka mwingine. Mimi nilisimama pale nimebana midomo nikaona mimi ndiye mtoto mzuri.

Miaka yote hii, bado nilikuwa nimebana.

Wakesho aliolewa Ronge. Mtu yeyote wa kule atakuambia kicheko chake kinafika ng'ambo ya bonde kabla yake. Ana pengo mbele, jino alilovunja kwa muwa akiwa mama mzima, na akicheka pengo lote linakuja mbele kukusalimia. Nilimpenda kwa hicho kicheko, na nilikionea aibu mbele za watu. Yote mawili. Mercy, andika yote mawili.

Mwaka jana ilikuja mahari ya mjukuu wake, Mghoi. Mimi ndiye niliyekuwa na simu. Wageni wamekaa, akina mama wako nyuma ya nyumba kwenye sufuria kubwa, na mtu akaanzisha wimbo. Wakesho akachomoa mwiko kutoka kwenye kimanga, ukiwa bado na viazi na maharage yamegandana, akaunyanyua juu kama kiongozi wa bendi, akacheza. Leso imemteremka, mguu mmoja uko hewani, mdomo wazi mpaka huku. Nilibonyeza bila kufikiri. Kidole kilikwenda chenyewe.

Kisha nikaangalia. Pengo. Viazi kwenye mkono. Nyuma kuna sufuria na matako ya mtu ameinama. Na picha yenyewe imetikisika kidogo.

Nikamwambia, "Wakesho, wakwe wataiona hii! Kavae ile gauni ya buluu, uje usimame hapa ukutani."

"Dada, kwani nimeshtakiwa?"

"Nenda ukavae."

Alienda, akarudi, akasimama. Nikamwambia afunge mdomo. Akafunga. Akasema kwa pembe ya mdomo, kama mwizi, "Nimekiri, mheshimiwa, nifunge tu," na akina mama wote wakaanguka kwa kicheko. Mimi nikangoja wamalize, nikampiga akiwa amenyamaza. Picha safi. Gauni imenyooka, ukuta umenyooka, macho yanatazama mbele.

Usiku sikulala bila kupunguza simu, ilikuwa imejaa. Mercy alikuwa amenifundisha kufuta, na kufuta tena kule kwenye pipa la takataka ili nafasi ipatikane. Ile ya mwiko ilikuwa ya kwanza kwenda. Sikuifikiria hata kwa muda wa kupiga chafya.

Miezi michache baadaye, kiharusi kilimkamata akiwa shambani. Mungu alimwachia uhai. Akili yake iko yote, na ulimi wake mzito bado una shari. Lakini mkono wa kulia umelala, na uso upande huo umeteremka. Akicheka siku hizi, kicheko kinaanza vizuri kushoto halafu kinakosa njia. Yeye mwenyewe anasikia. Anavuta leso anafunika mdomo. Wakesho! Yeye ambaye hakuwahi kufunika kitu.

Jana nilipanda Ronge kumwona. Nilimwomba Mwadime anichapishie picha zake zote, nikazipanga kwenye albamu, nikabeba kama mtu amebeba mtoto. Nilitaka afurahi. Nilitaka pia anisifu, wacha niseme ukweli.

Alifungua kwa mkono wa kushoto, ukurasa kwa ukurasa. Polepole. Mimi nangoja.

Akasema, "Hawa wote ni polisi wa gwaride."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akapekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena. Kisha akaniuliza, "Ile ya mwiko iko wapi?"

Kumbe aliniona. Siku ile, katikati ya kucheza, aliniona nikibonyeza. Na mwaka mzima alikuwa ameiweka moyoni kwamba ipo, kwamba mimi ninayo, imekaa kwenye simu ya dada yake inamngoja.

Mghoi anakaribia kujifungua, ndiyo sababu. Wakesho alinieleza kwa maneno mafupi mafupi, maana marefu yanamchosha. Yule mtoto atakuja amkute na mdomo huu. Atamjua na huu tu. "Nataka aone ule mwingine," akasema. "Aone bibi yake alikuwa mtu wa namna gani."

Na mimi, mtu wa kanisa, nikamdanganya. Nikasema simu ilikataa, picha haikutoka.

Aliniangalia. Jicho moja linapepesa, lingine halipepesi.

"Simu haikatai, dada. Wewe ndiye unayekataa."

Kisha akaomba maji. Tukaongea habari ya migomba.

Leo, ibada ilipoisha, nilikwenda moja kwa moja kwa Mwadime nikamgongea nyumbani, anakula. Nikamwekea simu juu ya meza karibu na ugali wake. Nikamwambia atafute. Alitafuta mpaka chakula kikapoa, mtoto wa watu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, ulifuta mpaka kwenye takataka?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ilikuwa imehifadhiwa mahali pengine. Nikasema mahali gani pengine, mimi najua mahali pengine? Akanawa mikono. Alivyonawa nikajua.

Imekwenda.

Nimepiga picha za watu wengi, na nimekaa hapa mchana huu kuzipitia zote. Mercy shahidi. Mamia ya watu wamebana midomo. Hata watoto wadogo, nimewabanisha. Maharusi wamesimama kama wanangoja kupigwa sindano. Nilidhani ninawapa heshima. Labda nilikuwa ninawapa ule mkono wa baba uliomchapa Wakesho.

Basi nimeamua hivi. Jumamosi napanda tena Ronge. Nitamwambia Wakesho kwamba nilifuta mimi, kwa kidole hiki, kwa sababu ya pengo na viazi na wakwe. Akinitukana, nitakaa nitukanwe, ana haki, na ulimi wake unahitaji mazoezi. Halafu nitamwomba ruhusa nimpige akicheka na huu mdomo wa sasa, unaopotea njia, bila leso. Akikataa, sitabonyeza. Nimebonyeza vya kutosha bila kumuuliza, na nimefuta vya kutosha bila kumuuliza.

Lakini hiyo haitakuwa ile. Najua. Ile ilikuwa moja.

Ila nimekumbuka kitu nikiwa hapa, ndiyo maana nimemwita Mercy aache vyombo aandike. Siku ile ya mahari sikuwa peke yangu. Akina mama walikuwepo, vijana walikuwepo, wakwe kutoka Mboghoni walikuja gari zima, na kila mmoja alikuwa na simu mkononi, mnapiga hata mbuzi. Na nyinyi ndio hao hao mnaopita hapa bila kunisalimia.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujarudi hapa, fungua simu yako uteremke mpaka siku ya mahari ya Mghoi. Angalia nyuma ya watu. Angalia nyuma ya mbuzi, angalia upande wa sufuria. Tafuta mwanamke mwenye mwiko, leso imeteremka, mdomo wazi. Awe mdogo kama punje, awe amekatwa nusu, usiniombe msamaha na usiisafishe. Niletee hivyo ilivyo, hata kama imetikisika.

Hasa kama imetikisika.