Kwa Nini Sikwenda Tanga

Morogoro, Mfungo Mosi

Kwa baba yangu mpendwa, Mbaruku bin Heri, huko Kilosa kwenye kazi ya reli.

Shikamoo baba. Baada ya kukuamkia nakuuliza hali ya kifua chako, maana tumesikia ulikuwa ukikohoa. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo pia, na anasema tangawizi aliyokupelekea uinywe mwenyewe, usiwagawie wenzako wote kwa ukarimu wako. Idi tulisali salama na pilau tulikula, ingawa nyama ilikuwa ya kunusa tu.

Habari za skuli ni njema. Skuli yetu ya hapa bomani ni banda la makuti, mvua ikinyesha tunabanana upande mmoja kama mbuzi. Mwalimu ni mkali lakini ana haki. Tunafundishwa hesabu, kusoma na kuandika, na nyimbo za Kijerumani tunazoziimba kwa sauti kubwa bila kujua tunamsifu nani. Jioni narudi nyumbani Mafiga kumsaidia mama kupalilia.

Najua, baba, hupendi kusikia sifa za skuli hii. Ulikwisha kumwahidi akida kuwa mwanao atasoma skuli kubwa ya Tanga na kurudi karani, na aibu uliyoipata si ndogo. Najua pia ulivyoghadhibika Mjomba Dadi aliposhuka kutoka Mgeta, akasimama uani kwetu na kusema mtoto wa dada yake hatoki Uluguru. Wewe ni mtu wa Bagamoyo, kwenu mtoto ni wa baba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema hapana, imekwisha. Ukaapa hutakula tena chakula cha shemeji yako. Tangu hapo salamu zako zote zinamruka yeye, na mama akisomewa huinamisha kichwa.

Sasa kaa kitako, baba. Mjomba hakukataa. Alitaka niende, na kanzu ya safari alikwisha kuninunulia. Mimi ndiye niliyepanda Mgeta, siku ile niliyosema nakwenda kuleta maharage, nikamwangukia miguuni aseme hapana kwa niaba yangu. Neno lake usingeweza kulivunja. Langu ungelivunja kwa bakora.

Niliogopa, baba. Tangu Kaka Yunusi aende Tanga na tukarudishiwa nguo zake tu, mama huamka alfajiri kuja kunitazama kama nipo. Wewe ulisema kaka aliuawa na kazi ya mashamba, si na Tanga. Ni kweli, lakini sikuwa na moyo wa kumwacha mama.

Mjomba alinicheka, akaniita mwoga, kisha akakubali kubeba lawama, akisema mgongo wake umezoea mizigo ya mlimani. Aliweka sharti moja: siku nitakayojua kuandika, barua yangu ya kwanza ikwambie wewe ukweli. Zote ulizopata kabla ya leo ziliandikwa na mwalimu. Hii ni ya mkono wangu.

Nimepumua, baba. Ukirudi nichape, halali yako. Mama anakusalimu sana. Mjomba yuko hapa kibarazani, kusoma hajui, lakini amenisimamia tangu neno la kwanza. Anakusalimu, na anauliza utakuja lini kula kwake.

Ni mimi mwanao,
Salehe bin Mbaruku