Gari la Mwiti na taa za mchana

Murithi, nimeshuka sasa hivi kwa gari la Mwiti. Tumeponea chupuchupu lakini nacheka.

Unajua hilo gari linawasha taa lenyewe mchana. Tulipopunguza mwendo kwa matuta ya Kiirua, watu wakavua kofia wakidhani tunaongoza msafara wa mazishi. Kofia, Murithi. Mama mmoja akainama dirishani: "Pole baba, ni nani ametuacha?"

Mwiti akakasirika. Tukaenda moja kwa moja kumtafuta fundi akate nyaya za hizo taa.

Njiani mvua ikamwagika. Lori likatoka nyuma ya trekta, likatujia uso kwa uso. Likaona taa zetu, likarudi nyuma ya trekta. Lilirudi, Murithi.

Mwiti akageuza gari.

"Nyaya zikae," akasema. "Afadhali wanipe pole nikiwa hai."