Ulipoachia Usukani pale Busunzu

Mpendwa kaka,

Nakusalimu huko ulikotangulia. Nakupigia makofi ya mikono miwili kama tulivyolelewa, na usiwe na wasiwasi, nimeketi mkekani, sina usukani wa kushika.

Yohana wangu amerudi salama jioni hii, ndiyo maana nakuandikia. Unakumbuka alivyokuwa mchanga? Ilikuwa miaka ile ya sabini, tumetoka tu kuhamia kijiji kipya pale Murungu. Homa ilimshika hadi akaacha kunyonya, akaacha hata kulia. Waganga wa Kibondo wakasema apelekwe hospitali ya Kabanga, na gari hakuna. Ukaja wewe na pikipiki ya kazi, bwana mifugo mzima, buti zimejaa tope la josho. Ukaniambia, "Dada, mfunge kifuani. Wewe shika shati langu, mimi nitashika njia."

Basi tukaenda. Mkono mmoja shati lako, mwingine rozari. Kila mlima nilimwinamishia mtoto sikio, nikasikia injini tu. Kimya chake kilinitisha kuliko mashimo yote ya barabara ile. Nikamwambia Mungu, alie tu, hata kidogo, nijue bado ninaye.

Tulipofika Busunzu, mzee mmoja akatokea shambani na jembe begani. Na wewe kaka, kwa adabu zako! "Mwakeye!" ukamwamkia kwa Kiha chetu, ukaachia usukani, ukapiga makofi, mikono yote miwili. Pikipiki ikaingia kwenye nyasi, nasi tukaifuata.

Yule mzee naye hakukatiza salamu. Alitua jembe, akapiga makofi yake taratibu, akatuuliza sisi tuliolala chini, "Mwakeye, mwakeye. Na huko mtokako hawajambo?" Ndipo akaja kukuinua. "Kijana, ukiwa juu ya mnyama huyu, itikia kwa kichwa. Tutakusamehe."

Hukutaka hata kunitazama. "Dada, nimekuulia mtoto."

Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, maana kifuani kwangu Yohana alikuwa analia. Analia kwa hasira, kaka, kama mtu aliyeamshwa usingizini! Akatafuta ziwa. Tukakaa palepale kwenye nyasi akanyonya, wewe unanyoosha usukani uliopinda, mzee anakueleza habari za ng'ombe wake anayekohoa, kwa kuwa bwana mifugo amejileta mwenyewe.

Kabanga wakampokea, akapona. Lakini mimi nilisharudishiwa mtoto pale Busunzu, na mpaka leo kila nikisali nazitaja zile nyasi.

Leo alimpeleka mkewe Kabanga kwa pikipiki yake mwenyewe, mimba imekua. Jua likashuka, hawajatokea. Nikashika rozari ileile. Walipoingia uani nikauliza kabla ya salamu, "Mmeangukia wapi?"

Akacheka. "Hatujaanguka, mama. Kila mzee niliyemwona nilizima injini, nikashuka, nikasalimia. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Mkwe wangu anasema hapandi naye tena, wazee wa Busunzu ni wengi mno.

Sikuweza kumgombeza mtu, kaka. Nimewapakulia ugali, wamekula, wamelala. Mama na mtoto aliye tumboni wote wazima, Mungu ashukuriwe.

Pumzika basi. Mtoto hukuniulia. Amefika.

Ni mimi dada yako,
Mama Yohana