Majike Kumi na Mmoja wa Dampo la Kasubi

Kasubi, Kampala
16 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Nabangala,

Salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi huko Kimilili yamefika wapi? Mimi siumwi, ila nina hasira, na nimeona afadhali niimwage kwako kuliko kwa majirani.

Unajua bado nafanya kazi kwenye kliniki ya mifugo. Mwezi wa tatu Aol, binti mdogo wa jirani yangu Akullo, mke wa polisi, alishikwa na homa kali. Wakamtibu malaria mara mbili, wapi! Siku moja namsuka nywele, nikaona kidonda cheusi nyuma ya sikio. Kupe. Alipopewa dawa yake akapona, lakini alikuwa amebaki mifupa mitupu.

Kupe hao huletwa na mbwa koko wa dampo letu. Nikamsihi daktari wangu tuwakamate majike, tuwafunge kizazi, tuwapake dawa ya kupe, tuwakate alama sikioni ili wajulikane, kisha tuwarudishe. Wasipozaa watapungua, na wakiwa pale huwafukuza mbwa wageni. Jumapili tano tulifanya hivyo. Majike kumi na mmoja, Shangazi!

Kwenye mkutano wa mtaa, Akullo ndiye aliyesimama kunipinga.

"Mtoto wangu alitaka kufa, na wewe unarudisha mbwa?"

Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti wetu, Opoka, akaagiza nyama itiwe sumu. Asubuhi niliwakuta kando ya mtaro, wote kumi na mmoja, kila mmoja na ile alama sikioni niliyomkata kwa mkono wangu. Nililia barabarani bila haya.

Dampo halikukaa tupu hata mwezi. Wamekuja wengine, majike wenye mimba, masikio yamejaa kupe. Juma lililopita watoto wawili wamelazwa. Opoka anasema ataongeza sumu! Nimemweleza mpaka sauti imekauka.

Jana Akullo alikuja mlangoni akivuta jike kwa kamba ya kuanikia nguo, mkono umekwaruzwa mpaka kwenye kiwiko. Hakunisalimia.

"Nakhisa, huyu funga. Halafu rudisha pale pale."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, niliyoyatunza tangu ule mkutano. Nikapokea kamba.

Nisalimie Khaemba na mama watoto wake, na bibi Nabalayo. Mungu akulindie hilo goti na nyumba yako yote. Naishia hapa, daktari ameshachemsha vyombo vya upasuaji.

Mimi binti yako nikupendaye,
Nakhisa