Ukuta wa Ureno Nimeupanda Peke Yangu

Sudi, ndugu yangu,

Nimefika. Ule mji wa ukuta kule Ureno tuliopanga kwenda wote, nimekwenda peke yangu na nimerudi Fort Worth salama. Mimi unanijua, nimetembea dunia. Dubai hata wachukuzi wa eapoti wananisalimu kwa jina. Lakini safari hii nilikaa ndani ya ndege kama mzigo.

Mkeo ndiye aliyenisukuma. "Shemeji, nenda ukauone kwa niaba yake," aliniambia kwa simu kutoka Houston. "Ukirudi, uje unihadithie." Tangu moyo wako usimame pale ghalani kazini, tukakuzika, sijakanyaga kwake. Eda yake imekwisha, kisingizio sina. Mimi, mwenye mdomo wa kumuuzia mtu trela bovu, kwake nakosa neno. Wala chozi sina, Sudi. Watu wanasema nimekauka. Kweli nimekauka.

Mji wenyewe uko juu ya kilima, chini ni mizeituni tu. Kuta nene, nyumba nyeupe, vichochoro vya kupita mtu na punda wake. Ulikuwa ukisema, "Hawa waliotujengea ngome Mombasa, lazima tukawachungulie kwao." Basi nimewachungulia. Wamebaki wazee na paka.

Nikaona jengo jeupe, mlango wazi, ndani kimya. Miguu ikavua viatu yenyewe. Nikaingia na soksi, moja imetoboka kidoleni, nikakaa sakafuni nikakusomea Fatiha. Namaliza, nainua macho: sanamu ya Bi Mariamu inanitazama. Kanisa, bwana! Bibi mmoja aliyekuwa akifagia akaniangalia mguu, akaniangalia uso. Akaenda kuniletea mto wa kukalia.

Ungeanguka kwa kicheko. Ungenitangaza Haltom City nzima: "Haji wetu kahamia kwa mapadri!" Mimi niliukalia tu ule mto. Sikucheka, sikulia. Baridi ya sakafu niliisikia, basi.

Kisa nilichonacho ni hicho, na sijui kama kinamfaa mjane. Ila amekiomba, na anangoja. Jumamosi mimi na mke wangu tunashuka Houston, nimweleze kama nilivyokueleza. Akicheka, vyema. Akilia, sitakimbilia mzaha; nitakaa palepale, nimeufunga huu mdomo, mpaka amalize. Hilo nakuahidi.

Lala, Sudi. Mungu akupanulie nafasi hapo ulipo.

Nduguyo,
Badi